Ng'ombe Hizi Ziko na Mwenyewe

Huku Katoyi, mutaa wa Goma, watu wanamwita bwana yangu Modeste Foto, na mimi nikipita wanasema yule ni bibi ya Foto. Nimezoea. Lakini niseme ukweli, ile apareyi yake ya kupigia foto imenichosha. Ni nyeusi, nzito kama tofali, aliinunua ikiwa imeshatumiwa na mutu mwingine, na tangu iingie nyumbani inalala pazuri kuliko mimi. Ina kitambaa chake, ina kona yake. Mutoto wetu Damien akiikaribia, baba yake anaruka.

Na bado inamsumbua. Kanisani, penye giza kidogo, inatoa watu kama walionyunyiziwa mchanga usoni. Akipiga maarusi kwenye jua, gauni la bibi arusi linatoka vizuri, halafu bwana arusi anapotea, unabaki unaona meno na kola ya shati. Mama mmoja wa Majengo alizirudisha foto zote, akasema yeye hakuzaa makaa. Modeste alishinda siku hiyo akigeuzageuza vifungo, uso ameukunja, akiisemesha mashine kwa sauti ndogo. Sasa jaribu kumwambia kwamba labda mashine ndiyo yenye kasoro. Ananuna mpaka kesho. Kwake yeye kosa ni la mikono, ni la jua, ni la watu wasiotulia. Ana neno lake ambalo kila mteja analisikia: "Hii mashine haiwezi kuweka kitu ambacho hakiko." Analisema na kifua mbele. Neno hilo karibu lituvunjie jamaa.

Mudogo wangu Moïse alipenda binti mmoja anaitwa Exaucée, wa watu wa upande wa Bukavu wanaoishi hapa Goma. Baba yake Exaucée alikufa zamani, kwa hiyo mwenye kusema ni baba yake mukubwa, muzee Mulumeoderhwa. Sisi tumetoka Masisi, na dote, ile mahari, tunatoa ng'ombe. Hapo hakukuwa na maneno, maana hata wao ng'ombe wanazijua tangu utoto. Maneno yalikuwa kwenye barabara. Ng'ombe za Papa, baba yetu, ziko kule juu milimani, na kwa hali hii tunayoishi, nani atateremsha ng'ombe sita mpaka Goma na zifike zote? Muzee naye goti lake haliwezi kupanda kilima. Moïse akamtumia foto za telefone. Akazikataa. Alisema vitu vya telefone mutu anaokota popote, kesho mutaniletea ng'ombe za Wazungu. Alitaka foto za fundi, za apareyi kubwa, kwenye karatasi, kila ng'ombe peke yake, imesimama upande, kichwa kikiwa kushoto, ili aone mgongo na miguu na kiwele. Akiridhika, siku ya dote itapangwa. Asiporidhika, binti atabaki kwao. Alisema hivyo bila hata kupandisha sauti, na mimi watu wasiopandisha sauti ndio ninaowaogopa.

Modeste akapanda milimani na moto, yaani pikipiki. Siku hiyo sikufanya kazi yoyote ya maana. Roho juu tu. Mutu mwenye apareyi kubwa siku hizi kila barrière ya kuzuia barabara inamwona journaliste, na ilikuwa hivyo hivyo. Njiani kijana mmoja mwenye bunduki alimwambia aifungue ile kitu, aone ndani mna nini. Modeste akatoa lile jicho la mbele, pale pale kando ya barabara, malori yakipita na kunyanyua lile vumbi letu jeusi la volkano. Kijana akachungulia, akakuta kioo kidogo, akacheka, akamrudishia. Modeste akapuliza ndani kwa mdomo, phuu, kama mutu anayewasha makaa, akafunga, akaondoka haraka. Aliponisimulia jioni, mimi nilishukuru Mungu kwamba kichwa chake kimerudi. Vumbi nani angeliwaza?

Kule juu jua lilikuwa kali. Alizipiga ng'ombe zote jinsi muzee alivyotaka. Walipomaliza, Papa akaingia ndani, akatoka amevaa koti lake la misa na kofia, akashika fimbo. Akasema, nipige na mimi, siku moja mutaihitaji. Modeste akamsimamisha upande wa kuume ili kilima kionekane kushoto. Foto hiyo niliiweka kando, sikutaka kuwaza ile siku aliyoisema.

Siku ya Mungu baada ya misa tukaenda kwa muzee, mimi, Moïse na Modeste. Tukakaribishwa saloni, chumba chao cha wageni. Bibi yake, mama Annonciata, alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharagwe. Exaucée akaleta chai, haangalii mutu. Modeste akatoa foto kwenye bahasha, na kabla hata hajaulizwa akalitoa na lile neno lake, kwamba muzee aangalie kwa moyo mweupe, hii mashine haiwezi kuweka kitu ambacho hakiko.

Muzee akavaa miwani. Ya kwanza akaisifu, akasema ina mgongo muzuri. Ya pili akasema hii imezaa mara nyingi. Ya tatu akaisogeza karibu na macho. Akairudia ya kwanza. Akazipanga zote juu ya meza, akazisogeza zikakaa sawa, akainama. Nikaona kidole chake kinatoka foto hii kinaenda ile, kinatoka ile kinaenda nyingine, na kila mara kinatua kwenye paja la nyuma.

"Hizi ng'ombe ziko na mwenyewe," alisema.

Nikasimama nikaangalia. Ni kweli. Kila ng'ombe, karibu mahali pale pale pa paja, ilikuwa na alama nyeusi ya mviringo, kama iliyoguswa na kidole chenye masizi. Mutu yeyote aliyechunga anajua hiyo ni nini. Ni chuma cha moto, ni jina la mutu. Na mutu yeyote wa nchi hii anajua mambo yaliyozipata ng'ombe miaka hii, zinatolewa kilima hiki kwa nguvu, zinauzwa kilima kingine kimya kimya. Muzee hakusema wizi. Hakuhitaji kusema.

Moïse aliapa kwamba ng'ombe za kwetu hazijawahi kuchomwa alama. Muzee hakumwangalia. Alimgeukia Modeste, akamuuliza kwa upole kabisa kama apareyi yake inaweza kuweka kitu ambacho hakiko. Nilimwombea bwana yangu moyoni aseme ndiyo, aseme labda, aseme chochote. Akasema hapana, muzee.

Ningeweza kumtia kofi pale pale. Alipoona macho yangu akaanza kutafuta njia, akasema pengine kioo cha mbele kimechafuka. Akakipangusa na shati, akapiga foto ya ukuta wa saloni, ukuta mweupe kabisa, akampa muzee aangalie kwenye kale ka-écran ka nyuma ya apareyi. Safi. Hakuna hata tone. Akapiga shati la muzee. Safi.

"Ukuta hauna alama," muzee alisema. "Ng'ombe ziko nayo."

Akazikusanya foto, akazirudisha kwenye bahasha, akaniwekea mimi mkononi. Chai ilibaki mezani imejaa. Exaucée alikuwa bado amesimama na sinia mikononi, machozi yanamtoka na hayafuti.

Nyumbani nilimwambia Modeste maneno ambayo sitayarudia hapa. Moïse aliketi nje juu ya jiwe, hakutaka kula. Lakini niseme lililoniuma kuliko yote. Papa alikuwa na ng'ombe nyingi, vita ikazimaliza. Alibaki na fimbo tu. Halafu miaka ikapita, nikasikia ana ng'ombe tena. Nilikuwa Goma, nimeolewa, nikafurahi, sikuuliza zimetoka wapi. Sasa nikataka kuuliza. Nikampigia telefone. Akapokea na sauti ya furaha.

"Wamezipenda?"

Nikasema, Papa, réseau ya telefone inakata. Nikakata mimi mwenyewe. Fikiria, baba yangu muzazi.

Kesho yake asubuhi nikatoa ile foto yake ya koti na kofia. Nilitaka kumwangalia usoni, nione kama uso huo unaweza kuchukua kitu cha mutu. Nikaipeleka dirishani. Uso ulikuwa ni ule ule. Lakini juu ya bega, kwenye koti, kulikuwa na uchafu. Nikaukwangua na ukucha. Hautoki. Nikalowesha kidole, nikapangusa. Hautoki. Ulikuwa mweusi, wa mviringo, kama kidole chenye masizi.

"Papa Damien," nilimwita Modeste, "njoo uniambie. Na baba yangu amechomwa alama?"

Akaja na mswaki mdomoni. Akaangalia. Akaenda kuchukua foto ya ng'ombe, akaiweka juu ya foto ya Papa, akaziinua zote mbili kwenye mwanga wa dirisha. Alama ya paja ikakaa juu ya alama ya bega, sawasawa. Akaketi chini pale pale kwenye simenti.

Halafu akatoka mbio uani na apareyi, akaielekeza mbinguni. Akapiga, akaangalia, akazungusha kifungo, akapiga tena. Alinionyesha. Akiifungua mashine jicho kubwa, kama afanyavyo ndani ya nyumba ambako mwanga ni mudogo, mbingu inatoka safi. Akilifinya jicho, kama alivyolifinya kule kilimani kwa sababu ya jua, alama inatokea. Lilikuwa vumbi la barrière. Limeingia ndani kabisa, nyuma ya kile kioo kidogo, na mate yake mwenyewe yamelibandika. Kwa hiyo saloni ya muzee ilimdanganya. Alipiga na kupiga mbingu yote ile na kila mara vumbi lilikuwa pale, kando ya kuume. Nikamwambia, kumbe inaweka. Aliiweka apareyi chini kwenye mawe, bila kitambaa. Sijawahi kumwona anafanya hivyo.

Tulirudi kwa muzee siku hiyo hiyo. Alitupokea uani, hakutuita ndani. Nikampa foto ya Papa pamoja na ya ng'ombe, nikamwonyesha namna zinavyokaa. Akaziangalia, akasema siku hizi vijana wanaweza kufanya hayo yote kwenye ordinateur, ile kompyuta. Nilihisi mlango unafungwa. Modeste akamwomba kitu kimoja tu, akae kwenye jua. Muzee akahema, akavuta kiti chake, akakaa, mikono juu ya magoti. Modeste akalifinya jicho la mashine, akasogea, akasogea tena, akapiga. Akaikuza ile foto kwenye écran, akampa.

Muzee alijiangalia. Akagusa shavu lake. Akaangalia kidole chake, hakina kitu. Akamwita mama Annonciata aje amwangalie usoni vizuri. Mama akamshika kidevu, akampangusa shavu na ncha ya kitenge, akasema hapa hapana kitu, muzee, ni makunyanzi yako tu.

"Muzee, nilisema vibaya," Modeste alisema. Sauti yake ilikuwa ya mutu anayezika. "Mashine inaweza kuweka kitu ambacho hakiko."

Mimi nikashikwa na woga mupya, maana nilijua mutu wa akili sasa atauliza nini. Muzee akauliza.

"Na ng'ombe? Hizo ziko?"

"Ziko. Nilizigusa na mkono. Moja ilinikanyaga." Akavua kiatu, akamwonyesha kidole gumba cha mguu, kimevimba, ukucha mweusi.

Muzee alikiangalia kidole kile muda mrefu kuliko alivyoangalia foto. Akasema ungeanza na hicho toka jana. Halafu akairudia apareyi, akaitazama ile alama kwenye shavu lake, mdomo ukaanza kumcheza.

"Kumbe na mimi niko na mwenyewe," alisema, akamwangalia bibi yake.

Mama Annonciata akasema yeye alishajua, akarudi kwenye maharagwe yake. Exaucée alikuwa ameegemea mlango, kitenge mdomoni. Moïse, ilibidi nimvute mkono ili aende kumshukuru muzee.

Jioni nilipanda pale juu ya barabara ambapo réseau inashika, nikampigia Papa. Alipokea haraka, kama aliyekuwa ameishika telefone mkononi tangu jana.

"Wamezipenda?"

Nikamwambia wamezipenda. Siku ya dote itapangwa. Akauliza sasa ni nini kilichelewesha, mbona jana niliongea kama mgonjwa. Nikasema ni mashine, Papa, iliona kitu ambacho hakikuwa. Alicheka, akasema hata yeye hakuiamini toka mwanzo, ina jicho moja tu. Halafu akauliza kama foto yake ya koti imetoka vizuri.

Nilikuwa nayo mkononi. Nikamwambia imetoka safi kabisa. Kidole changu kilikuwa kimefunika pale penye alama.