Namba Yangu, Kifua Chake

Kiswahili changu nilikipata kambini Mbuya, kwa baba yangu askari. Kwa miaka mingi sikuona kina faida gani Kampala, ambako ukikisema watu hudhani umekuja kumkamata mtu. Kisha Wakongo wakajaa mtaani kwetu Namuwongo, na zahanati yetu ikaniomba nikae pale asubuhi kama mkalimani wa kujitolea. Nilikubali upesi. Napenda kuhitajika, sitaficha.

Zamani kila mgonjwa alikuja na daftari la shule, daktari akaandika humo, mgonjwa akarudi nalo nyumbani. Kompyuta zilipoletwa, madaftari yakaachwa, na kila kitu kikaingizwa kwa namba ya kitambulisho. Nilishangilia, maana mwandiko wa madaktari ulikuwa umenichosha macho.

Asubuhi moja aliletwa mama wa Bukavu, muuza vitenge, anakohoa damu. Kitambulisho chake cha mkimbizi kilikuwa kimekwisha muda na kipya hakijatoka. Karani alijaribu namba ile ya zamani, kompyuta ikakataa. Akasema mama arudi kipya kikitoka. Nilipandwa na hasira.

"Andika namba ya mimi," nikamwambia. "Huyu atakufa hapa mukingoja kadi."

Akaandika. Siku ile nilirudi nyumbani nimevimba kichwa, najiona mtu wa maana sana.

Kwa miezi sita mama yule alikuja kumeza vidonge vya kifua kikuu mbele yangu, kwa kuwa kumtazama akimeza nako kulikuwa kazi yangu. Akanenepa, akarudi sokoni. Kadi yake ilipotoka nilisema tutarekebisha, lakini hatukurekebisha. Siku karani alipoandika kwamba matibabu yamekamilika, tulicheka sote wawili, yeye na mimi.

Mwaka jana akaitwa kuhamia Kanada kama mkimbizi, ambako binti zake wawili walikuwa wametangulia na shangazi yao. Katika vipimo vya safari, picha ya kifua ilionyesha kovu. Alipoulizwa alitibiwa wapi, akataja zahanati yetu. Wale wa Kanada nao husoma kompyuta, wakataka rekodi yenye jina lake na namba yake. Haikuwepo.

Akaja kwangu, akakaa kwenye benchi la wagonjwa na ile picha mapajani. Hakupaza sauti.

"Mama, kwa kompyuta ni weye ndiyo ulipona," akasema. "Sasa miye nitasema nilipona wapi?"

Niliogopa, na niliogopa kwa ajili yangu kwanza. Siku mbili nilijifanya natafuta njia. Siku ya tatu niliingia kwa musawo mkuu, daktari msimamizi wetu, nikamwambia yote. Aligeuza kioo cha kompyuta nione: jina langu, umri wangu, miezi yote sita. Akaniambia anaweza kufuta ugonjwa kwenye namba yangu, lakini hawezi kuhamishia kwa mwingine matibabu yaliyokwisha kufungwa. Akawaandikia barua wale wa Kanada, akagonga mhuri. Kisha akaniomba, kwa upole, nisije tena asubuhi.

Barua ilipokelewa na haikutosha. Jibu lilisema makohozi yapimwe upya, yaoteshwe maabara kuona kama vijidudu vimo, na majibu yangojewe kabla ya kitu kingine chochote. Ndege ikaondoka bila yeye. Sasa hata vile vipimo vingine vya safari vimepitwa na muda, na anavianza tena. Hajanilaumu hata siku moja. Ningependa anilaumu.

Binti yake mdogo hupiga simu Jumapili baada ya kanisa. Juzi nilikuwepo chumbani kwa mama simu ilipoingia. Mtoto aliuliza kama mama bado anaumwa. Mama akajibu kwamba alipona zamani. Basi kwa nini huji, mtoto akauliza. Mama akaninyooshea simu.

Nilimwambia mtoto kwamba mama yake ni mzima, na kosa ni langu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza mama atakuja lini.