Matanga ya Gavana, Troyeville

Bosi wetu wa saluni pale Troyeville, mtaa wa sisi wahamiaji, alisoma Marekani ujanani mwake, na huko alipeana mkono na gavana wa jimbo. Mara moja tu. Lakini picha ya mkono ule ilitundikwa juu ya kioo kikubwa, na kila mteja aliyekaa kusukwa alipewa hotuba: gavana mtetezi wa vibarua, gavana aliyepitisha sheria kwamba mfanyakazi akiugua au akifiwa apumzike na mshahara wake usiguswe. Sisi wasusi tulisikiliza tukiwa tumesimama tangu asubuhi, miguu imevimba. Nyani haoni kundule.

Mwenzangu, dada wa Kikongo tuliyesuka naye bega kwa bega, alifiwa na mama yake huko Bukavu. Kwenda kuzika hakuweza, maana karatasi zake za ukimbizi zilikuwa hazijatoka. Akaomba siku moja tu akae matanga chumbani kwake, watu waje wampe pole. Bosi akasema Jumamosi ni siku ya wateja, machozi yatangoja. Dada wa watu akasuka kutwa nzima, anajifuta macho kwa kiwiko. Nilimchukia yule mwanaume.

Halafu gavana akafa, mzee aliyekula chumvi nyingi, kitandani kwake. Lo! Bosi akafunga saluni. Akakodi viti na turubai, akaita Wakongo, Warundi na Watanzania wa mtaa mzima, akatuamuru tupike. Matanga ya Mmarekani, eish! Akavaa suti nyeusi, akasimama kando ya picha yake kupokea pole, huku akisimulia tena sheria ile ya wafiwa.

Mwenzangu akaweka mwiko chini, akatoka jikoni na aproni yake. Hakupandisha sauti.

“Bosi, mama yangu amekufa juzijuzi, ukaninyima hata siku moja. Naomba nimlilie hapa.”

Akakaa mkekani, akalia. Nikaenda kumshika. Wanawake wakavua viatu, wakaja kukaa naye. Wanaume wakapanga foleni kumpa mkono wa pole. Kando ya picha hakuenda mtu.

Mwishowe ikabidi bosi naye apange foleni. Zamu yake ilipofika, mwenzangu akampa mkono kama alivyowapa wengine.

“Kesho siji kazini, bosi,” akamwambia. “Nimefiwa.”