Mama Akae Wapi

Dobi alianza darasa la watu wazima akiwa na mvi mbili tatu na mikono iliyobabuka kwa pasi. Mkewe alishatangulia mbele ya haki. Nyumbani alibaki na mama yake mzazi, bibi kizee aliyepotewa na kumbukumbu. Akienda kazini humfungia mlango kwa nje.

Mwalimu aliandika ubaoni swali la insha ya mjadala: wazee watunzwe nyumbani au katika makao ya wazee?

"Kwanza mwageni kila linalowajia kichwani," alisema. "Kuchuja baadaye."

Darasa zima likaelemea upande mmoja. Mzazi hatupwi! Utakosa radhi! Watu watasema nini!

"'Watu watasema' si hoja," mwalimu akakata. "Hoja ni ile unayoweza kuitetea ukibanwa."

Jumamosi dobi alikaa kizingitini na karatasi yake, mama akifumua shuka uzi baada ya uzi. Aliandika: nyumbani kuna upendo. Akakumbuka alivyomtikisa mabega asubuhi ile kwa sababu alijiendea haja kitandani. Akafuta. Aliandika: nyumbani kuna usalama. Mkono wa mama ulikuwa bado na bendeji. Wiki iliyopita, akiwa amefungiwa, alishika jiko la moto, akalia peke yake hadi jua likazama, majirani wakimsikia na kufuli limewashinda. Hiyo nayo akafuta.

Akampigia simu dada yake.

"Makao? Una wazimu wewe? Tutaziweka wapi nyuso zetu?"

"Basi mchukue wewe, dada."

"Mimi nimeolewa, nipo kwa watu, unajua vizuri."

Simu ikakatwa.

Aliimaliza insha akitetea makao, akaikabidhi, kisha akampeleka mama huko. Wauguzi walikuwa watu wema, vitanda visafi. Lakini mama alifumba mdomo, kijiko hakikupita, akawa anaisha kama sabuni majini. Insha haijasahihishwa bado, mama akafariki.

Makaburini dada alimsogelea. "Umemuua mama kwa masomo yako."

Dobi alifungua kinywa. Majibu yote anayo, tena yamepangika. Akayameza, akaokota koleo, akaendelea kufukia na wenzake.

Insha yake ilipata alama nyingi kuliko zote. Mwalimu akataka kuisoma mbele ya darasa.

"Niwie radhi mwalimu, usiisome," dobi alisema. Akaikunja, akaomba ruhusa, akarudi kazini. Mashati ya watu yalikuwa yamerundikana.