Siku Umwiza Alipopapaswa Sokoni

Umwiza aliuza maziwa katika soko la Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda. Yalimfikia asubuhi kwa bodaboda kutoka mji wa Endiinzi, akayachemsha kwenye sufuria kubwa, na wateja wakanywa wamesimama, wakimtania. Kicheko chake kilisikika mpaka kwa wauza samaki.

Mama aliyemlea aliitwa Goretti, Mfuliiru wa Kivu ya Kusini, Kongo. Mwaka 1998, watu walipokuwa wakikimbia vita, Goretti alimkuta kando ya njia, katoto ka miaka mitatu hivi kasikojua kusema lolote zaidi ya jina lake. Akambeba mgongoni. Hakumficha ukweli hata siku moja. "Sikukuzaa, mwanangu. Nilikuokota. Bazazi bako nilisikia balikufa bote." Basi Umwiza akakua akijua hana wa kumtafuta.

Asubuhi moja ya mwaka 2013, mzee kipofu alifika kibandani kwake akiongozwa na jirani yake, Ezira. Wawili hao walikuwa wametoka kambi ya Oruchinga kuja kwenye matanga ya ndugu wa kanisa. Ezira alimwagizia mzee maziwa, akavuka upande wa pili kununua sabuni. Mteja mmoja akasema neno la mzaha: "Umwiza, maziwa haya umetia maji ya ziwa!" Umwiza akaangua kicheko.

Mzee alishtuka, kikombe kikamponyoka. Umwiza akainama kukiokota. Hapo hapo mikono miwili ikamshika uso. Vidole vikapita kwenye paji, vikashuka shavuni, vikaenda mpaka sikioni, vikabaki pale vikibonyeza.

"Yesu! Huyu muzee ananipapasa!"

Soko zima liligeuka. Wanaume wakamvuta mzee kwa kola ya koti, mmoja akamzaba kofi. Hakurudisha, hakujikinga. Mikono yake ilibaki hewani, wazi. Wakamburuta hadi kituo cha polisi, Umwiza akifuata huku akilia kwa hasira na aibu.

Askari aliyekuwepo alikuwa Mganda mwenye Kiswahili cha jeshini cha kuvunjavunja. "Wewe mzee! Huyu msichana nasema wewe napapasa yeye. Ni kweli ama ni uongo?"

"Ni kweli, afande. Nilimupapasa."

Umwiza alipigwa na butwaa. Alitegemea mzee akane, kama wanavyokana wote. Ezira naye alifika anahema, akasikia jibu lile, akajishika kichwa.

"Muzee, unajimaliza! Sema ulimukumbatia! Afande, sisi kwetu watu banasalimiana kwa kukumbatiana, hata kanisani."

"Mimi najua," askari akasema. "Kama ni kukumbatia, hiyo ni salamu, mzee naenda nyumbani. Kama ni kupapasa, nalala ndani. Mzee, ilikuwa gani?"

Mlango wa kutokea ulikuwa umefunguliwa, mzee akaukataa.

"Sitasema uongo. Kukumbatia ni kwa mutu unajua ni wako. Huyu sikuwa nimemujua bado. Kipofu anapapasa sababu anatafuta."

"Ulikuwa unatafuta nini mu uso wangu?" Umwiza akafoka.

"Mutoto wangu." Mzee akajibu. "Jina langu ni Karekezi. Tulipoteana mu vita, mama yake akafa ile siku. Mabinti wanaitwa Umwiza ni mingi, jina halikunishitua. Ni kicheko. Nilisikia mama yake anacheka." Akageuza uso kuelekea ilikotoka sauti ya msichana. "Mbele ya sikio lako la kuume kuko katundu kadogo, kama kametobolewa na sindano. Ulizaliwa nako. Na miye niko nako. Weka kidole hapa."

Umwiza alikijua kile kitundu. Maisha yake yote alidhani ni mahali alipotobolewa vibaya kwa ajili ya herini. Alisogea, akanyoosha kidole mpaka mbele ya sikio la mzee. Kilikuwepo. Akaendelea kumshika bila kujua anatafuta nini: nyusi, taya, shavu lililovimba kwa kofi.

Askari akavua kofia. "Aise," akasema.

Goretti, aliyekwisha kupata habari, aliingia na mchi mkononi. "Ni wapi huyo mushenzi?" Walipomweleza, alikaa chini sakafuni kama mtu aliyekatwa miguu. "Kila Jumapili nawasha mushumaa wa marehemu baba ya mutoto. Kumbe nilikuwa naombea muzima!"

"Sasa nimekujua," Karekezi akamwambia binti yake. "Naweza kukukumbatia?"

"Bado, muzee," Umwiza akajibu, akatoka nje mbio.

Kibanda kilifungwa juma zima. Umwiza hakuwa na furaha ambayo watu walimwambia awe nayo. Alikuwa na lile kofi tu, lililomrudia akilini kila alipokaa. Mwishowe alikwenda Oruchinga mwenyewe, akamchukua mzee, akampeleka mjini Mbarara kwa daktari wa macho. Daktari alimulika, akapima, akasema wamechelewa, macho hayatarudi.

Walitoka hadi barabarani. Pikipiki zilipiga honi, watu wakiwapita kila upande. Umwiza ndiye aliyevunjika moyo. Alimkumbatia mzee katikati ya watu, kwa nguvu, akamwita Baba, na Karekezi akasimama pale akimpigapiga mgongoni kama mtoto anayebembelezwa alale.

Baadaye mzee alihamia Nakivale, nyumba ya jirani na Goretti. Hawakuelewana sana, kwa kuwa Goretti alimlisha sombe, majani ya muhogo, kila siku, naye alitaka maziwa tu. Lakini yule aliyempiga kofi sokoni ndiye aliyekuwa akimwongoza kanisani kila Jumapili, na hakuna aliyemwagiza.