Nipigie Kwanza Hiyo Namba

Juzi kwenye kibanda cha wakala wa pesa hapa Sumbawanga, mbele yangu alisimama bibi mmoja kutoka Namanyere. Alimpa wakala simu yake yenye ujumbe na namba ya kumchangia mtoto wa Wampembe anayesubiri upasuaji wa moyo.

"Nitume, bibi?" aliuliza wakala.

"Usitume. Nipigie kwanza hiyo namba."

Simu ilipokelewa na mama wa mtoto, na sauti yake tuliisikia sote. Bibi hakuzunguka. "Mwanangu, mimi sikujui. Nitaaminije kwamba huyo mtoto yupo?"

Nilidhani mama huyo atakasirika. Alijibu taratibu, "Hata mimi ningeuliza, mama. Usinitumie mimi. Nitakupa namba ya malipo ya hospitali, lipa huko."

Wakala alipoiingiza, jina la mtoto lilitokea, lilelile la kwenye ujumbe. Akamsomea.

"Basi yupo," alisema bibi, akatoa noti zake akitabasamu.

Ujumbe huohuo nilitumiwa Jumatatu, nikaufuta nikijiona mjanja. Wengi wetu tunajiita waangalifu, kumbe tunaona uvivu kuuliza. Nilimwomba wakala anisomee ile namba ya hospitali polepole, na mtu wa nyuma yangu akaanza kuiandika kiganjani.