Springi ya Breki ya Mama

Mwezi uliopita nilikwenda kijijini kwetu Izigo, nikakuta kibanda cha babu kimebomolewa. Baba mdogo amepanda miche ya kahawa pale pale palipokuwa na tanuri. Nilisimama kando ya miche ile, mtu mzima mwenye watoto wangu, nikaogopa kama nina miaka tisa. Ngoja nikusimulie, maana jambo hili nimekaa nalo muda mrefu.

Mama alikuwa mkunga wa zahanati. Baba alifanya kazi Mwanza, sisi tukaishi kwa wazazi wake. Mama alikuwa na pikipiki kuukuu aliyoachiwa na mganga wa zahanati hiyo aliyehamishwa, na nati zake zilikuwa zimeshika kiasi kwamba kuzifungua kulitaka mwanamume na spana ndefu. Siku moja gurudumu lilipata pancha akiwa njiani. Alisubiri sana mpaka akapita mtu wa kumsaidia. Alipofika alikoitwa, mtoto alikuwa amezaliwa, na hakuwa hai. Mama alirudi akapita moja kwa moja chumbani, hakula.

Babu alikuwa mhunzi, fundi wa majembe na visu. Kesho yake aliivuta pikipiki kibandani. Siku kadhaa tulisikia nyundo yake, na harufu ya chuma cha moto ikachanganyika na ile ya ndizi za bibi zikichemka chini ya majani. Ekseli ya nyuma aliitia mkono wa chuma, uweze kuifungua bila spana. Nati ya breki ya nyuma, ambayo nayo hufunguliwa kila gurudumu linapotolewa, aliitoa, akatengeneza nyingine yenye masikio mawili mapana, ya kukaza kwa vidole. Nyuma yake akaweka springi ndogo.

"Hii ndiyo inayoishikilia isijifungue yenyewe," aliniambia. "Usiiguse, waitu, mpendwa wetu."

Bibi hakuipenda kazi ile. Kila mama alipowasha injini, bibi alifanya ishara ya msalaba. Nami nilijifunza hofu kwake. Nikiwa napalilia maharage kibanjani, katika shamba letu la migomba, nilikuwa nasikiliza mlio wa pikipiki ukipotea bondeni, na sikupumua vizuri mpaka niusikie ukirudi.

Hata hivyo springi niliigusa. Nilikuwa naiosha pikipiki Jumamosi moja, nikaona springi inang'aa. Nikaifungua nati, nikaichomoa springi, nikarudisha nati na kuikaza kwa nguvu zangu zote. Ukiibonyeza springi ile iliruka kama panzi. Nilisema moyoni nitairudisha jioni. Jioni nikasahau.

Siku mbili baadaye shule ilikuwa imefungwa. Mwanamume mmoja alikuja akikimbia kutoka upande wa ziwani. Mkewe alikuwa na uchungu tangu alfajiri. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Mama akaniambia, "Panda, utanishikia mkoba." Yule mwanamume akabaki nyuma, akitufuata kwa miguu.

Nilikumbuka tulipoanza kuteremka. Springi ilikuwa nyumbani, chini ya godoro langu.

"Mama," nikasema.

"Nini?"

Nikaukumbatia mkoba. "Hakuna kitu."

Mpaka leo najiuliza neno lile lilitoka wapi. Mteremko ukazidi. Nikauona mguu wa mama ukikanyaga breki, kisha ukikanyaga tena, na pedali ikaanguka bure. Breki ya mbele haikuwa na nguvu. Kulia kulikuwa na mawe, na chini yake hakuna kitu, ila maji ya ziwa mbali sana.

"Nishike! Usiniachie!"

Akashusha gia, injini ikapiga kelele, akaikata pikipiki kushoto ndani ya kibanja cha watu. Tulivunja mgomba mmoja, wa pili ukatusimamisha. Nilijikuta nimelala kwenye nyasi za matandazo, bado nimekumbatia mkoba. Mama alikuwa ameketi, damu inamtoka kiwikoni, ananipapasa kichwa, shingo, miguu.

"Unaumwa wapi? Sema!"

Sikuweza kusema. Alidhani ni mshtuko.

Mama akaona breki haina nati wala springi, akadhani vyote vimedondoka. Tulirudi barabarani kutafuta nati. Masikio yake yaliniwezesha kuiona haraka kwenye tope. Mama aliifunga kwa vidole, akaizungushia kipande cha mpira ili isilegee, tukaendelea polepole. Mtoto alizaliwa mchana, wa kike, akalia sana. Mimi nililia nje, nyuma ya jiko lao.

Nyumbani, bibi alimsubiri babu mpaka aketi. "Umemfungia mke wa mwanao vitu vya kuchezea," akasema. Mama hakumtetea. Babu alikwenda kuitazama pikipiki, akakaa ameinama mahali ilipokuwa springi. Kisha akautoa ule mkono wa ekseli, akarudisha nati za zamani, na hakutengeneza tena kifaa chochote cha pikipiki. Mama akarudia kuwasubiri wapita njia. Kila alipochelewa nilijua ni kwa sababu yangu, na hofu yangu ikawa mara mbili.

Nilimwambia babu nikiwa nasoma sekondari kule Kahororo. Alikuwa mgonjwa tayari.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Hukukanyaga tena kibandani kwangu."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unaogopa vya kutosha."

Baada ya kuiona ile miche ya kahawa nilirudi Bukoba, nikamweleza mama yote. Ni mzee sasa, anaishi kwangu. Alikuwa anamenya ndizi, kisu kikasimama.

"Nilikwenda kumzika babu yako," akasema, "na sikuwa nimemsamehe."

Kisha akaendelea kumenya. Kibanda hakipo, mwenyewe hayupo, na hakuna mahali tunapoweza kwenda, mimi wala yeye, kumwomba radhi.