Osuga ya Siku ya Tatu

Osuga ikilala kwenye maziwa hadi siku ya tatu hutoa harufu ambayo mtu asiyeijua atadhani kuna kitu kimekufa chini ya kitanda. Ni mboga ya majani, wengine huiita managu au mnavu. Sisi watu wa ziwani hatuikimbilii siku ya kwanza, maana ni chungu kama dawa. Unaichemsha, unamwaga maji, unatia maziwa, kesho unaongeza na kupasha, kesho kutwa vivyo hivyo, mpaka uchungu uishe wenyewe. Nikiwa na miaka kumi nilikuwa naipika vizuri kuliko wanawake wengi wenye waume. Sijisifu, nasema kweli.

Msimu ule wa mvua tulipanga chumba cha mabati Kawangware, karibu na stegi ya matatu ya 56. Mama alifua nguo kwenye nyumba za matajiri, akitoka kabla sijaamka na kurudi nimeshalala. Baba alikuwa askari wa usiku. Alikaa juu ya kreti mpaka asubuhi, akanywa chai ya sukari nyingi na mandazi kibandani, akaja kulala. Mimi nilikula peke yangu nikitazama ukuta, na ukuta ule niliujua msumari kwa msumari. Kisha Baba akaanguka kazini. Daktari akasema ni presha: apunguze chumvi, ale mboga, atembee. Baba akacheka. "Mboga nitapikiwa na nani, na nyumba nzima iko mbio?" Nikasema, na mimi je? Akaahidi kwamba Jumapili atakula nyumbani, sisi watatu. Nilikuwa na hofu moja tu, kwamba atakufa kabla hatujala pamoja.

Alhamisi baada ya shule nikaenda kwa miguu mpaka Lindi, kule Kibera, kwa mama mmoja wa kwetu aliyeuza osuga. Nikaipika jioni hiyo hiyo. Ijumaa nikaongeza maziwa. Jumamosi niliporudi kutoka kuteka maji, nilikuta sufuria imefunikwa juani mlangoni, inang'aa kama mpya. Mama Njeri, mwenye ploti, alikuwa amesimama karibu nayo akingoja ashukuriwe.

"Hiyo mboga yenu ilikuwa imeoza, mtoto. Ploti yote inanuka! Nimekumwagia, nikakusugulia na sufuria."

Niliingia ndani, nikalala kifudifudi, na hakuna mtu aliyekuja kuniuliza nina nini, kwa sababu hakukuwa na mtu.

Jumapili Baba alifika, akafunua sufuria tupu, akanitazama, nikamweleza, kisha akaenda mlangoni kwa Mama Njeri. "Mama Njeri, ile haikuwa imeoza. Ilikuwa imeiva."

"Ngai! Na nimeimwaga mbali kabisa, kuku wangu wasife!"

Baba alicheka mpaka akashika ukuta. Nilidhani atarudi kibandani kunywa chai. Badala yake akavaa buti za kazi, akamwambia mama yangu, aliyekuwa nyumbani siku hiyo, "Mama, vaa viatu. Twende Lindi tukanunue nyingine." Tukaenda, sisi watatu, kwenye matope, Baba mbele mikono nyuma. Kila alipochoka alisimama akajifanya anasoma bango la duka, nasi tukajifanya tunalisoma pia. Mama aliimba. Sikuwa najua kwamba Mama anaimba. Jioni tulikula sukuma wiki iliyopikwa upesi, sahani moja, magoti yakigusana. Osuga yenyewe iliiva Jumatano. Mama alikuwa kazini, Baba amelala. Nikaila peke yangu, na ilikuwa tamu sana, na nililia huku natafuna.

Baba aliishi miaka mingine mingi, akitembea kila Jumapili, mara nyingi peke yake. Sasa mimi ndiye ninayekaa Lindi. Mwanangu anakaa Riruta, ana kazi nzuri, mke mzuri, na wajukuu wangu wawili wenye akili kali. Wananunua chakula kilichofungwa kwenye karatasi, kila mmoja na saa yake ya kula. Yeye hulipia jimu akakimbie juu ya mashine, akitazama ukuta. Wiki jana nilimpigia simu nikamwambia, njoo na watoto tutembee mpaka sokoni, nitawapikia. Akasema, "Mathe, usijichoshe. Nakutumia boda." Pikipiki ikaja kweli, na kofia ya kuvaa. Nilifika sokoni upesi sana, na sikuwa na haraka yoyote.